Hida kwa majira manne: uende lini katika milima ya kati ya Japani?

Msafiri akishaamua kwamba safari yake ya Japani haitaishia Tokyo na Kyoto, na akachagua kuingia milimani, swali linalobaki kumkwaza ni moja: aende lini? Picha hazimsaidii, kwa kuwa kila picha ya milima hiyo ni nzuri: maua ya cheri, mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, misitu myekundu, na nyumba zilizofunikwa theluji hadi madirishani. Mambo hayo hayaonekani kwa pamoja, na anayepata moja hulikosa jingine. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya aliyekwama hapo. Nimeuweka katika eneo moja tu, Hida, kwa sababu ndilo ninalolijua na kwa sababu majira yake yanatofautiana sana.

Hida ni jina la kale la sehemu ya kaskazini ya mkoa wa Gifu, katikati ya kisiwa cha Honshu. Mji wake mkuu ni Takayama, uliojengwa bondeni kwenye mwinuko wa mita zipatazo 570. Tangu ulipounganishwa na vijiji jirani mwaka 2005, Takayama ndiyo manispaa yenye eneo kubwa kuliko zote nchini Japani, kilomita za mraba zipatazo 2,178, na zaidi ya asilimia 90 ya eneo hilo ni misitu. Kaskazini-magharibi kuna Shirakawa, na ndani yake kitongoji cha Ogimachi, ambacho nyumba zake za mapaa ya nyasi ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995 pamoja na vitongoji vya Ainokura na Suganuma vya Gokayama, ng'ambo ya mpaka wa mkoa wa Toyama. Mashariki inasimama safu ya Hotaka, ambayo kilele chake, Okuhotaka, chenye mita 3,190, kinashika nafasi ya tatu kwa urefu nchini. Nyuma ya safu hiyo liko bonde la Kamikochi. Kiutawala bonde hilo ni la mkoa wa Nagano, lakini wageni wengi hulifikia kwa basi wakitokea Hida.

Kwanza niseme neno juu ya majina ya majira, maana huwachanganya wengi. Kwa mtu wa pwani yetu masika ni mvua kubwa na vuli ni mvua ndogo, na kiangazi ni ukavu. Huko Hida joto kali huja pamoja na mvua, na miezi ambayo sisi tungeiita ya vuli ndiyo yenye anga safi. Kwa hiyo nitasema majira ya kuchipua (Machi hadi Mei), majira ya joto (Juni hadi Agosti), majira ya kupukutika (Septemba hadi Novemba) na majira ya baridi (Desemba hadi Februari).

## Vigezo

Nimeyapima majira yote manne kwa mambo matano: kitu gani huonekana wakati huo tu, hali ya hewa na mavazi yanayohitajika, njia zipi ziko wazi na zipi zimefungwa, wingi wa watu na ugumu wa kupata malazi, na mwisho chakula, pamoja na mambo ya ibada na staha. Kigezo cha tatu nimekipa uzito kuliko vingine. Baridi huvumiliwa kwa koti na umati huvumiliwa kwa subira, lakini barabara iliyofungwa haina dawa.

## Kinachoonekana

Majira ya kuchipua huchelewa Hida. Wakati maua ya cheri yameshapukutika Tokyo, Takayama bado yana vitumba, na kwa kawaida hufunguka katikati ya Aprili au baada yake kidogo, ingawa miaka ya joto huyawahisha. Tarehe 14 na 15 Aprili huwa ni sikukuu ya Sanno ya hekalu la Hie, ambapo majukwaa 12 ya magurudumu yaitwayo yatai, yenye nakshi, dhahabu na mapazia mazito, huvutwa mitaani. Matatu kati yake hubeba vikaragosi vinavyoendeshwa kwa nyuzi. Siku chache baadaye, tarehe 19 na 20, mji mdogo wa Furukawa hufanya sikukuu yake, na usiku wake wa kwanza ngoma kubwa huzungushwa mjini huku wanaume wamepanda juu yake. Lakini kwangu mimi kinachogusa zaidi katika majira haya ni miti miwili. Mwaka 1960, bwawa la Miboro lilipokuwa likijengwa na vijiji vya bonde la Sho vikihamishwa, micheri miwili mikongwe iliyokuwa katika nyua za mahekalu ya huko iling'olewa na mizizi yake, ikapandishwa mlimani na kupandwa upya juu ya usawa wa maji. Ina umri unaozidi miaka 450. Hadi leo huchanua mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, kando ya ziwa lililofunika mahali ilipoota.

Mei ikifika katikati, mashamba ya Ogimachi hujazwa maji kwa ajili ya kupanda mpunga, na kwa siku chache kila nyumba huwa mbili, moja imesimama na nyingine imepinduka majini. Wageni wengi huikosa hali hii kwa kuwa hawajui kwamba ipo.

Majira ya joto ni ya mwinuko. Katika Kamikochi, kwenye mita 1,500, mto Azusa hupita mweupe na baridi chini ya daraja la Kappa, na bwawa la Taisho, lililozaliwa mwaka 1915 mlima Yakedake ulipolipuka na kuziba mto, bado lina vigogo vichache vya miti iliyokufa vimesimama majini. Julai na Agosti maua ya milimani hufunika miteremko ya mlima Norikura, na huko ndiko raicho, ndege wa baridi anayebadili manyoya yake kuwa meupe wakati wa theluji, anaweza kuonekana na vifaranga vyake. Kusini mwa Hida, katika mji wa Gujo Hachiman, watu hucheza ngoma ya Bon, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, mitaani kwa wiki nyingi kuanzia katikati ya Julai, na usiku wa tarehe 13 hadi 16 Agosti huchezwa mpaka alfajiri. Mgeni haangalii tu, maana anakaribishwa kuingia katika duara.

Majira ya kupukutika hayaji siku moja. Rangi huteremka mlimani kama mtu anayeshuka ngazi: mwishoni mwa Septemba iko Norikura, katikati ya Oktoba imefika miteremko ya Shinhotaka, chini ya safu ya Hotaka, na mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba iko Takayama na Shirakawa. Kwa hiyo anayekuta mji bado kijani asikate tamaa, bali apande juu, na anayekuta kilele kimeshakauka ashuke. Tarehe 9 na 10 Oktoba Takayama hufanya sikukuu ya pili, ya hekalu la Sakurayama Hachiman, yenye majukwaa 11. Mojawapo lina vikaragosi vya watoto wawili wanaorukia kutoka bembea moja hadi nyingine kwa nyuzi 36. Sikukuu zote mbili za Takayama ni miongoni mwa zile ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 2016. Zote pia zina hatari moja: mvua ikinyesha, majukwaa hayatoki ghalani. Na mwishoni mwa majira, Ogimachi hujaribu mabomba yake ya kuzimia moto kwa pamoja, maji yakirushwa angani kijiji kizima, kwa sababu cheche moja katika mapaa yale ni msiba wa wote.

Majira ya baridi yananilazimu kusimama kidogo, kwani ndiyo yaliyoziumba nyumba zile. Mtindo wake huitwa gassho, yaani viganja vilivyokutanishwa kama vya anayeomba dua, na paa lina mteremko wa nyuzi takribani 60 ili theluji isiulemee mwili wa nyumba. Aliyekulia chini ya makuti atalielewa haraka, kwa kuwa kazi ni ileile ya kupanga, kukaza na kufunga. Tofauti ni kwamba nyasi hapa zina unene unaomfikia mtu kiunoni, na maboriti makubwa ya paa yamefungwa kwa kamba na fito mbichi zilizopondwa, bila misumari. Darini walifuga nondo wa hariri, na moshi wa moto uliowashwa sakafuni ulipanda kukausha nyasi na kufukuza wadudu. Kuezeka upya paa moja, kazi inayokuja kila miaka 30 hadi 40, hufanywa kwa yui, ambayo sisi tungeiita msaragambo: kaya zote hutoa watu, na deni hulipwa zamu ya jirani inapofika.

Nililala katika nyumba mojawapo usiku mmoja wa Februari. Baada ya chakula taa zilizimwa mapema, kimya kikawa kizito kiasi kwamba nilisikia makaa yakijikunja mekoni. Usiku wa manane ukaja mshindo mmoja mzito, kama gunia la mahindi lililodondoshwa kutoka kwenye lori. Nikakaa kitako. Ilikuwa theluji ya upande mmoja wa paa, imeteleza yote kwa pamoja. Asubuhi mwenye nyumba alikuwa anaichota kwa sepeto, akaniambia kwamba pasipo mteremko ule wangekuwa wanapanda juu kuifagia kila siku.

Jioni chache za Januari na Februari, Ogimachi huangaziwa kwa taa. Tangu mwaka 2019 huingii jioni hizo bila kuwa umejiandikisha mapema. Furukawa nayo, tarehe 15 Januari, huwasha mishumaa mikubwa wakati watu wakizuru mahekalu matatu kwa miguu katika theluji. Mji huohuo una mfereji wenye samaki wa rangi karibu elfu moja, ambao mwishoni mwa Novemba huhamishiwa kwenye bwawa na kurudishwa Aprili. Anayekuja Januari kwa ajili yao atakuta maji matupu.

## Hali ya hewa na mavazi

Januari wastani wa joto mjini Takayama huwa chini kidogo ya sifuri, na usiku hushuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri au zaidi. Shirakawa hupata theluji nyingi kuliko Takayama kwa sababu upepo mnyevu wa Bahari ya Japani huigonga milima yake kwanza, na katika miaka mizito theluji hupita urefu wa mtu. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa, ambaye hajawahi kugusa theluji, baridi yenyewe si tatizo kubwa kama utelezi. Koti unaweza kuliazima, lakini buti zenye soli inayoshika barafu ni lazima ziwe za kipimo chako. Njumu za mpira za kuvisha juu ya kiatu huuzwa madukani huko, nazo ni bora kuliko ujasiri wowote.

Aprili na Oktoba hufanana kwa hila moja: asubuhi ni baridi ya kweli, karibu na nyuzi chache tu juu ya sifuri mwezi Aprili, halafu mchana jua hukufanya uvue. Vaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine. Agosti bondeni hufika nyuzi 30 mchana, na unyevu wake unafanana na wa pwani yetu, ila usiku hushuka hadi karibu nyuzi 20. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takribani nyuzi 6, kwa hiyo anayekwenda Norikura mwezi Agosti na fulana tu atatetemeka.

Mvua za msimu huanza Juni na kuisha kwa kawaida baada ya katikati ya Julai. Vimbunga hutishia Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Mei na mwisho wa Oktoba ndiyo vipindi vyenye anga la kuaminika zaidi.

## Njia zilizo wazi na zilizofungwa

Kuna njia ambazo hazifungwi na majira. Treni ya haraka iitwayo Hida hutoka Nagoya hadi Takayama kwa muda unaokaribia saa mbili na nusu. Anayetoka Tokyo anaweza pia kupanda shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Toyama kwa saa mbili na ushee, kisha akashuka kusini kwa treni. Mabasi ya Takayama hadi Shirakawa, mwendo wa dakika 50 hivi, hufanya kazi mwaka mzima, na kebo ya Shinhotaka inayopandisha watu hadi mita 2,156 nayo hufanya kazi mwaka mzima, isipokuwa siku za matengenezo. Kwa hiyo hata Februari unaweza kusimama juu na kuona safu ya Hotaka nyeupe mbele yako, mradi upepo uruhusu.

Zilizobaki zina tarehe zake. Kamikochi hufunguliwa katikati ya Aprili na kufungwa Novemba 15, na magari binafsi hayaingii kabisa: unaliacha gari lako Hirayu au Sawando na kupanda basi. Barabara ya Norikura, inayofikisha basi hadi Tatamidaira kwenye mita 2,702, kwa kawaida huwa wazi kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Oktoba, na tangu mwaka 2003 nayo ni ya mabasi, teksi na baiskeli tu. Barabara ya kulipia inayovuka kutoka Shirakawa hadi mkoa wa Ishikawa, kilomita 33 hivi za miteremko na maporomoko ya maji, hulala chini ya theluji kuanzia Novemba hadi karibu Juni.

Kwa kigezo hiki majira ya kupukutika, hasa kabla ya Novemba, yana milango mingi iliyo wazi, na majira ya joto yanayakaribia. Kuchipua hugawanyika: Machi ni baridi bado, Aprili ni nusu, na mwisho wa Mei karibu kila kitu kimefunguka. Lakini usafiri wa majira ya joto una udhaifu wake. Reli ya Takayama hupita katika korongo jembamba la mto, na mvua kubwa huikata, kama ilivyokuwa Julai 2018. Weka siku moja ya akiba kabla ya ndege yako ya kurudi, wakati wa mvua na wakati wa theluji vilevile.

Kuhusu kuendesha gari, Japani hupita kushoto kama sisi, na hilo humfariji dereva wa Tanzania au Kenya. Hata hivyo kibali cha kimataifa kinachokubaliwa huko ni kile cha Mkataba wa Geneva wa 1949, kwa hiyo hakikisha cha kwako ni hicho kabla ya kulipia gari. Kuanzia Desemba hadi Machi, kama hujawahi kuendesha juu ya barafu, ushauri wangu ni mmoja tu: panda basi.

## Watu na malazi

Hapa majira yote yana kilele chake na bonde lake. Kuchipua kuna siku mbili za sikukuu ya Sanno, kisha wiki ya mapumziko ya kitaifa kuanzia Aprili 29 hadi Mei 5, ambapo Wajapani wenyewe husafiri kwa mamilioni. Majira ya joto yana Obon, sikukuu ileile ya marehemu, katikati ya Agosti. Kupukutika kuna sikukuu ya Oktoba, na baada yake wikendi zote za majani mekundu. Baridi kuna usiku wa taa za Ogimachi. Siku hizo vyumba vya Takayama hujaa miezi mingi kabla, na nyumba za wageni za Ogimachi, ambazo ni chache na zina vyumba vichache, hujaa mapema zaidi.

Mabonde yake ndiyo ninayoyapenda: nusu ya pili ya Mei, siku za kazi za Juni kwa asiyeogopa mvua, mwanzo wa Septemba, na kipindi cha kati ya Novemba 15 na kabla ya Krismasi, ambapo majani yameisha, theluji haijatulia, na soko la asubuhi la Miyagawa, mjini Takayama, lina wenyeji wengi kuliko wageni. Soko hilo hufunguliwa saa moja asubuhi kuanzia Aprili hadi Novemba, na saa mbili katika miezi ya baridi, na hufungwa saa sita mchana. Ukichelewa, umekosa.

Mtu akilazimika kwenda siku za umati, alale palepale. Mabasi ya wageni wa siku moja huanza kuondoka Ogimachi alasiri, na kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu asubuhi kijiji hurudi kwa wenyewe.

## Chakula, ibada na staha

Chakula kimoja hakina majira, nacho ni hoba miso: jani kubwa kavu la mti wa ho huwekwa juu ya jiko dogo la makaa, juu ya jani huwekwa miso (rojo la soya lililochachushwa) iliyochanganywa na majani ya kitunguu na uyoga, na polepole ukingo wa jani huanza kuungua na harufu yake ya moshi huingia kwenye miso. Huliwa na wali mtupu. Hakuna haja ya kitu kingine.

Mengine hufuata kalenda. Kuchipua huleta mboga za porini zenye uchungu kidogo, zinazochovywa kwenye unga na kukaangwa. Majira ya joto ni ya nyanya, mchicha na pichi za Hida. Kupukutika ni uyoga, mchele mpya na tofaa. Baridi ni mambo ya kuhifadhi: tanipu nyekundu za kuchachusha, ambazo huko hukaangwa pia na yai juu ya bamba la chuma, na pombe mpya ya mchele, inayotangazwa kwa tufe la matawi mabichi ya mseda kutundikwa mlangoni.

Kwa Mwislamu ugumu haubadiliki sana kwa majira. Nyama ya ng'ombe ya Hida ni maarufu, lakini kwa kawaida haikuchinjwa kihalali, na pombe ya kupikia huingia hata katika mchuzi wa tambi za soba. Andika haja yako unapoagiza chumba, na si unapofika mezani, kwani nyumba nyingi hupika chakula cha jioni kulingana na idadi iliyopangwa. Kinachobadilika ni nyakati za sala. Mwezi Juni alfajiri huingia kabla ya saa kumi ya usiku na magharibi huchelewa hadi baada ya saa moja jioni, ilhali Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni na sala za mchana hukaribiana sana. Anayefunga Ramadhani katika miaka hii, inapoangukia Februari na Machi, ataona siku za Hida hazizidi sana zile za nyumbani.

Chemchemi za maji moto za Okuhida, zilizo katika vijiji vitano kuanzia Hirayu hadi Shinhotaka, zina raha katika kila majira, na mwezi Januari zina raha isiyo na mfano, theluji ikikudondokea kichwani huku mwili umo ndani ya maji. Huogwa uchi, kwa kawaida wanaume mbali na wanawake mbali. Asiyeridhika na hilo aulize nyumba yenye bafu la faragha la kukodi kwa saa. Ziko nyingi.

## Kulingana na hali yako

Kama hii ndiyo safari yako pekee ya Japani na unataka kuona mengi kwa siku tatu au nne, wiki ya tatu ya Oktoba itakupa mlima na mji pamoja, na barabara zote bado ziko wazi. Dubu huzunguka sana wakati huo wakitafuta chakula kabla ya baridi, kwa hiyo funga kengele kwenye begi uingiapo msituni na usitembee peke yako jioni.

Kama moyo wako uko kwenye sikukuu, chagua Aprili au Oktoba kwa tarehe zake kamili, lakini uwe na usiku mbili, ili mvua ya siku moja isikunyime zote. Mvua ikishinda, jumba la maonyesho lililo karibu na hekalu la Sakurayama Hachiman huonyesha baadhi ya majukwaa ya Oktoba mwaka mzima.

Kama unasafiri na wazazi wazee au watoto wadogo, nusu ya pili ya Mei ni rahisi kwa miguu na kwa kifua: hakuna barafu, hakuna joto kali, na Kamikochi ina njia tambarare kando ya mto ambayo mzee anaweza kuitembea kwa mkongojo.

Kama unakuja kupanda milima, ni mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Oktoba. Aliyefika kilele cha Kilimanjaro asiidharau Okuhotaka kwa kuwa ni fupi. Kilimanjaro hupandwa kwa mapafu, na Hotaka hupandwa kwa mikono, juu ya mawe yaliyosimama wima na minyororo.

Kama likizo yako ni Agosti tu kwa sababu ya shule, usikae bondeni mchana: lala Okuhida badala ya Takayama, panda Norikura asubuhi, na uwe Gujo Hachiman usiku mmoja. Epuka kufika au kuondoka kati ya tarehe 12 na 16.

Kama pesa ni kidogo na umati unakuchosha, mwanzo wa Desemba au siku za kazi za Machi zitakufaa, mradi ukubali kwamba mlima mrefu utauona kwa mbali.

Na kama hujawahi kuona theluji na hiyo ndiyo ndoto yako, nenda kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, siku ambayo si ya taa, ukalale Ogimachi usiku mmoja na Okuhida mwingine. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya huhitaji viza kabla ya kuondoka, kwa hiyo kwa safari ya Februari maombi na malazi yaanze kushughulikiwa tangu Oktoba.